Stesheni ya Bingo-Ochiai: Dhima Hii ni ya Nani?

Katika milima ya kaskazini ya mkoa wa Hiroshima, nchini Japani, ipo stesheni ndogo ya reli iitwayo Bingo-Ochiai. Imejengwa kwenye mwinuko wa mita 452 juu ya usawa wa bahari, ndani ya bonde jembamba lililozungukwa na misitu, na nyumba zilizo jirani nayo ni za kuhesabika. Haina stesheni masta, haina mkata tiketi, wala haina mfagiaji wa kuajiriwa. Majani yamejiotea baina ya mataruma ya njia ambazo hazipitiwi na kitu tena. Hata hivyo hapo ndipo zinapokutana reli mbili: ile ya Geibi, itokayo mji wa Hiroshima na kupita milimani kwa kilomita 159 mpaka mkoa wa Okayama, na ile ya Kisuki, ivukayo mlima na kushuka kaskazini katika mkoa wa Shimane.

Huenda msomaji akauliza stesheni ya Wajapani inatuhusu nini sisi watu wa visiwani, ambao reli yetu ya Bububu, iliyofunguliwa mwaka 1905, iling'olewa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Jawabu letu ni kwamba yanayoipata Bingo-Ochiai ni swali ambalo hulikuta mezani kila ofisa aliyekabidhiwa huduma za umma: ikiwa wanaohitaji huduma ni wachache, na gharama ya kuwafikishia ni kubwa, dhima hiyo ni ya nani? Tena Japani si nchi maskini. Ni nchi inayosifika duniani kwa reli zake. Ikiwa hapo napo swali hili limewashinda wakubwa kulijibu kwa miaka mingi, basi linastahili kutazamwa kwa makini.

Stesheni hiyo ilifunguliwa tarehe 20 Desemba, 1935, na miaka miwili baadaye reli ya Kisuki ikaunganishwa nayo. Tangu hapo pakawa mahali pa shughuli. Vichwa vya gari-moshi vya siku zile vilihitaji maji na makaa, vilihitaji kusafishwa na kugeuzwa kabla ya kuanza kupanda mlima, na kazi zote hizo zilitaka mikono ya watu. Katika siku zake za neema wafanyakazi wa reli waliokuwa na kituo chao hapo walipindukia 100: madereva, wachochea moto, mafundi, wapanga njia na wauza tiketi. Gari-moshi la haraka lililoitwa Chidori lilipita hapo likiunganisha Hiroshima na mji wa Matsue ulio upande wa pili wa milima, na kwa miaka mingi lilikuwa na safari yake ya usiku pia. Hata leo ile sahani kubwa ya chuma iliyotumiwa kugeuzia vichwa vya gari-moshi ingali ipo katika uwanja wa stesheni, imezibwa na magugu. Wastaafu wa reli na wenyeji wa huko wamekuwa wakikifagia chumba cha kungojea na kutundika humo picha za siku zile, bila ya kulipwa na mtu.

Halafu barabara ikaja. Mwaka 1983 barabara kuu ya magari ipitayo katikati ya nchi ile ya magharibi ilikamilika, na mabasi yakaanza kumfikisha mtu mjini kwa muda mfupi kuliko gari-moshi linalozunguka na mabonde. Kila nyumba yenye uwezo ikanunua motokaa yake, na nyumba nyingi zikanunua mbili. Mwaka 1990 safari za Chidori zilikoma. Mwaka 1997 wafanyakazi wa mwisho wakaondolewa Bingo-Ochiai, na stesheni ikaingia katika kundi la zile ambazo Wajapani huziita stesheni zisizo na mtu.

Pengine inafaa tueleze jinsi stesheni ya namna hiyo inavyofanya kazi, maana wengi wetu tukisikia stesheni isiyo na mtu huwaza jengo lililokufa. Sivyo. Gari-moshi (tunaendelea kuliita hivyo ijapokuwa siku hizi ni behewa moja tu liendalo kwa dizeli) huendeshwa na mtu mmoja. Abiria hupanda kwa mlango wa nyuma na kuchukua kikaratasi chenye namba ya stesheni aliyopandia. Mbele, juu ya dereva, ubao wa taa huonyesha nauli inayolingana na kila namba, nayo huongezeka kadiri safari inavyokwenda. Akifika anakokwenda, abiria huja mbele, hutumbukiza kikaratasi chake pamoja na fedha katika kisanduku kilicho kando ya dereva, kisha hushuka. Dereva ndiye mkusanya nauli, ndiye mtazama milango, na ndiye wa kuulizwa na mgeni aliyepotea. Katika ratiba za miaka ya karibuni, kila siku ipatapo kama saa nane na nusu za mchana, magari-moshi matatu kutoka pande tatu hukutana Bingo-Ochiai. Kwa dakika chache patakuwa na sauti za injini na watu wakivuka kutoka jukwaa moja kwenda jingine. Kisha kila moja hushika njia yake, na bonde hurudia kimya chake.

Tujaalie basi kwamba tunazungumza juu ya mahali palipo hai, ijapokuwa kwa pumzi kidogo. Sasa tuitazame hesabu yake.

Mwezi wa Aprili 2022, Kampuni ya Reli ya Japani Magharibi, ijulikanayo kwa ufupi kama JR West, ilitangaza hadharani hesabu za sehemu 30 za reli zake zenye abiria wachache kabisa. Katika orodha hiyo, sehemu ya reli ya Geibi iliyo kati ya Tojo na Bingo-Ochiai ilishika mkia. Katika miaka ya hesabu ya 2017 mpaka 2019, ili kupata yeni 100 katika sehemu hiyo kampuni ilitumia yeni 25,416. Wastani wa abiria waliosafiri humo kwa siku, ambao mwaka 1987 ulikuwa 476, katika mwaka 2019 ulikuwa 11. Takwimu hizo zilisambaa katika magazeti ya nchi nzima, na kwa watu wengi wa miji mikubwa shauri likawa limekwisha: mtu gani mwenye akili atumie shilingi mia mbili na hamsini kuipata shilingi moja?

Sisi tunaziheshimu takwimu hizo. Hatuwaungi mkono wanaosema kwamba kampuni imezipika, wala hatusemi kwamba hasara ni kitu cha kupuuzwa kwa kuwa ni ya mtu mwingine. Lakini mizani hupima kile kilichowekwa juu yake tu. Takwimu ile imepima nauli na gharama. Haikupima safari ya mwanafunzi wa sekondari asiyekuwa na leseni ya motokaa, wala ya kikongwe aliyerudisha leseni yake kwa sababu macho yamepungua nuru. Mji wa Shobara, ambamo stesheni hii imo, una ukubwa wa kilomita za mraba 1,246, yaani unapita kisiwa kizima cha Pemba, na wakazi wake ni wachache, na wengi wao ni wazee. Wakati wa baridi theluji hulala kwa wingi katika mabonde yake. Mahali kama hapo, kuambiwa kwamba kila mtu ajiendeshee motokaa yake ni sawa na kuambiwa kwamba asiyeweza kuendesha akae nyumbani.

Tena mtu asidhani kwamba Bingo-Ochiai ni kioja cha pekee. Mwishoni mwa mwaka wa hesabu wa 2019, wizara inayohusika ilihesabu stesheni 9,465 katika Japani nzima, na katika hizo 4,564 hazikuwa na mfanyakazi. Ni karibu nusu. Wageni wanaokwenda huko hulishwa sifa za Shinkansen, lile gari-moshi la mwendo mkali lililoanza tarehe 1 Oktoba, 1964 baina ya Tokyo na Osaka, na hurudi makwao wakidhani kwamba hiyo ndiyo reli ya Japani. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni behewa moja la dizeli na stesheni iliyofungwa dirisha la tiketi.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya hadithi moja iliyopendwa sana duniani. Mnamo mwaka 2016 ilienea habari kwamba katika kisiwa cha Hokkaido kampuni ya reli ilikuwa ikiiacha stesheni moja wazi kwa ajili ya msichana mmoja wa shule, na kwamba itaifunga siku atakapomaliza masomo. Watu walitokwa na machozi, na wengine wakazisuta serikali zao kwa mfano huo. Ukweli ni kwamba stesheni ya Kyu-Shirataki, ambayo ndiyo msichana yule aliyoitumia, ilifungwa tarehe 26 Machi, 2016 pamoja na jirani zake Kami-Shirataki na Shimo-Shirataki, kwa sababu ya uchache wa abiria. Siku hiyo ndiyo ratiba mpya za reli zilipoanza nchini kote, na mwezi wa Machi ndio mwisho wa mwaka wa shule kwa wanafunzi wote wa Japani. Hatuwalaumu walioipenda hadithi ile, kwani moyo wa mtu hupenda kusikia kwamba mnyonge amekumbukwa. Tunaloliona ni kwamba sifa nyingi zilimiminwa juu ya stesheni iliyokuwa inafungwa, na watu wachache mno wakauliza vijiji vile vitasafiri kwa nini siku ya pili yake.

Vivyo hivyo kwa yule paka. Mwaka 2006 reli ndogo ya Kishigawa katika mkoa wa Wakayama iliachwa na kampuni yake ya zamani ikachukuliwa na kampuni mpya, na stesheni yake ya mwisho, iitwayo Kishi, ikaondolewa wafanyakazi. Mwezi wa Januari 2007 kampuni mpya ikamteua paka aliyekuwa akilelewa hapo, jina lake Tama, kuwa stesheni masta, na kumvisha kofia. Wageni walikuja kwa maelfu, na paka yule alipokufa mwaka 2015 akazikwa kwa heshima. Tumecheka kama walivyocheka wengine, na tunakiri kwamba reli ile ilipata uhai kwa ubunifu huo. Lakini nchi yenye stesheni 4,564 zisizo na watu haiwezi kuzipatia zote paka.

Ili kuelewa mambo yalikotoka, lazima turudi nyuma kidogo. Tangu tarehe 1 Juni, 1949 reli nyingi za Japani zilikuwa chini ya shirika moja la umma. Katika shirika hilo, pato la njia kubwa lilifidia hasara ya njia ndogo, na mtu wa mlimani alipanda gari-moshi kwa mgongo wa mtu wa Tokyo pasipo yeyote kati yao kuliona jambo hilo kuwa la ajabu. Mwaka uleule wa 1964, Shinkansen ilipokuwa ikishangiliwa, shirika lilianza kupata hasara, na halikunyanyuka tena. Lilijenga njia za milimani kwa shinikizo la wanasiasa, likaajiri watu wengi kupita kiasi, likapandisha nauli hadi watu wakalikimbia. Hasara hiyo ililaliana mpaka deni likafikia kiasi cha yeni trilioni 37. Tarehe 1 Aprili, 1987 shirika lilivunjwa, zikazaliwa kampuni sita za abiria na moja ya mizigo.

Kabla ya hapo, mwaka 1980, ilipitishwa sheria ya kulinusuru shirika, na kwa sheria hiyo njia 83 ziliteuliwa kuondolewa mikononi mwake. Mwishowe njia 45 ziligeuzwa kuwa za mabasi, na 38 zikabaki kuwa reli chini ya wenyewe wapya, wengi wao wakiwa ni kampuni zilizoundwa na mikoa, miji na wafanyabiashara kwa ubia. Ilikuwa dawa chungu. Hata hivyo tunaisifu kwa jambo moja: ilitolewa mchana. Sheria ilitaja kipimo, yaani wastani wa abiria chini ya 4,000 kwa siku, ikataja pia njia zitakazosamehewa na sababu za msamaha, na ikawaweka wakubwa wa reli na wa mikoa katika baraza moja wajadiliane. Mwananchi aliyetaka kugombana alijua agombane na nani na juu ya nini.

Reli ya Kisuki ni miongoni mwa zilizosamehewa, kwa sababu barabara iliyo sambamba nayo haikufaa kwa mabasi. Katika sehemu moja ya reli hiyo, penye stesheni ya Izumo-Sakane, mlima ni mkali hata gari-moshi hupanda kwa kwenda mbele, kurudi nyuma, kisha kwenda mbele tena. Basi serikali ikajenga barabara. Mwaka 1992 lilifunguliwa daraja kubwa la mzunguko ambalo humpandisha mwenye motokaa kilele kilekile bila ya kuhangaika, na abiria wa gari-moshi wanaweza kulitazama kupitia madirishani. Yaani hazina ya umma ililipia barabara, na reli ikaambiwa ijilipie yenyewe. Jambo hili husahaulika kila panaposemwa kwamba wananchi wenyewe ndio walioichoka reli.

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Baada ya mwaka 1987, kwa stesheni kama Bingo-Ochiai, haikutokea siku moja ya kusema kwamba leo tumeamua. Aliondolewa mtu wa stesheni. Safari zikapunguzwa, hata baina ya Tojo na Bingo-Ochiai zikabaki safari 3 za kwenda na 3 za kurudi kwa siku. Kwa kuwa kuuzuia mlima usidondoshe mawe ni gharama, sehemu nyingi za njia hizi zimewekewa amri kwamba gari-moshi lipite kwa mwendo usiozidi kilomita 25 kwa saa, na pengine 15, ili dereva akiona jiwe asimame kwa wakati. Mpanda baiskeli mwenye afya njema angeweza kulipita. Zikawekwa pia siku za matengenezo ambapo magari-moshi ya mchana hayapiti kabisa. Gari-moshi la wazi lililowachukua watalii katika reli ya Kisuki tangu mwaka 1998 nalo lilistaafishwa mwezi wa Novemba 2023 kwa uchakavu, na mahali pake halikuletwa jingine la kufika Bingo-Ochiai. Kila hatua katika hizi ina sababu yake, na kila sababu ukiisikiliza peke yake utaikubali. Jumla yake lakini ni hukumu, na hukumu hiyo haikutolewa na baraza lolote. Halafu ndipo huja mwenye daftari, akavihesabu viti vitupu na kusema: mnaona, hakuna anayeitaka.

Kwa maoni yetu hapo ndipo penye kosa, na si katika kuhesabu hasara.

Insafu inatutaka tuseme na ya upande wa pili. JR West ni kampuni ya watu binafsi. Serikali ilimaliza kuuza hisa zake mwaka 2004, na wakubwa wake wanawajibika kwa wenye hisa. Kwa miaka 30 na zaidi kampuni hiyo ilizibeba njia za milimani kwa faida ya Shinkansen na ya reli za Osaka, bila ya kuombwa radhi wala kupewa shukrani. Maradhi ya korona yalipoingia mwaka 2020 faida ile ilikauka, na hapo ndipo ilipofungua daftari lake. Mafuriko ya Julai 2018 yalipochukua daraja katika reli hii ya Geibi, kampuni ililijenga upya, na njia yote ikafunguliwa tena Oktoba 2019. Aidha ni kweli kwamba reli hufaa zaidi kuchukua watu wengi kwa pamoja, na kwamba kwa watu 11 basi dogo linaweza kuwa bora, maana basi humfuata bibi kizee mpaka mlangoni kwake na stesheni haimfuati mtu. Hatusemi kwamba kila reli idumu milele. Mwaka 2018 reli ya Sanko, iliyokuwa ikipita kilomita 108 toka Gotsu mpaka Miyoshi, ilifungwa. Ilikuwa imekamilika mwaka 1975 tu. Mojawapo ya stesheni zake, Utsui, ilijengwa juu ya nguzo ndefu, na abiria alilazimika kupanda ngazi 116, pasipo lifti, ili kulifikia gari-moshi. Aliyeijenga hakuwa amewafikiria wazee, na hatushangai kwamba wazee hawakuipanda.

Na kuna upande mwingine wa jambo hili usiohusu milima peke yake. Anapoondolewa mtu wa stesheni, anayeumia kwanza ni yule mwenye ulemavu. Mwenye kiti cha magurudumu huhitaji mtu wa kumwekea ubao ili apande behewa. Pasipo na mtu, hutakiwa kupiga simu mapema na kungojea apangiwe. Mwaka 2020 watu wa namna hiyo katika mkoa wa Oita waliishitaki kampuni ya reli ya Kyushu mahakamani, wakisema kwamba haki yao ya kwenda watakako imepunguzwa. Mwaka 2022 serikali ikatoa mwongozo juu ya stesheni zisizo na watu. Tunakumbusha hili kwa sababu maofisa wengi hudhani kwamba kuondoa mfanyakazi ni kuondoa mshahara tu. Sisi wa visiwani tunaojua maana ya kungoja chombo ufukweni, tukimtegemea yeyote aliyepo atushike mkono, hatuhitaji kuelezwa sana.

Je, yapo yaliyofanywa vizuri zaidi? Yapo. Mwezi wa Julai 2011 mvua kubwa iliharibu madaraja ya reli ya Tadami katika mkoa wa Fukushima, mkoa uleule uliokuwa ungali katika majonzi ya tetemeko na maafa ya nyuklia ya mwezi wa Machi. Kampuni ilipendelea mabasi. Mkoa na miji yake walijadiliana nayo kwa miaka, na mwaka 2017 wakafikia mapatano: gharama za ujenzi zigawanywe, kisha mkoa umiliki njia yenyewe kwa kilomita 27.6 zilizoharibika na kulipia matunzo yake, na kampuni ipitishe magari-moshi tu. Tarehe 1 Oktoba, 2022, baada ya miaka 11, reli ikafunguliwa. Wapo waliosema kwamba fedha hizo zimetupwa. Inawezekana. Lakini walioamua wanajulikana, bei waliyokubali kulipa inajulikana, na wapiga kura wa Fukushima wanaweza kuwauliza. Mjini Toyama vilevile, njia ya bandarini iliyokuwa ikififia mikononi mwa JR West ilichukuliwa ikafanywa reli nyepesi ya mjini mwaka 2006, safari zikaongezwa hata gari likawa linapita kila baada ya dakika 15 mchana, na abiria wa siku za kazi wakawa maradufu. Toyama ni mji na Bingo-Ochiai ni bonde, hatuwezi kuvilinganisha kwa kila kitu; ila mfano huo unatosha kuonyesha kwamba viti vitupu pengine ni matokeo ya ratiba.

Mwaka 2023 bunge la Japani lilirekebisha sheria ya usafiri wa umma wa mikoani, na kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka huo serikali kuu ikapewa uwezo wa kuitisha baraza la kuzijadili njia za namna hii, likikutanisha kampuni, mikoa na miji. Baraza la kwanza kabisa kuundwa ni la reli ya Geibi, kwa sehemu ya kilomita 68.5 ambayo Bingo-Ochiai imo ndani yake. Lilikutana mara ya kwanza mjini Hiroshima mwezi wa Machi 2024. Mwezi wa Mei mwaka huohuo kampuni ikaeleza kwamba inataka kuzungumza pia juu ya reli ya Kisuki, kutoka Izumo-Yokota mpaka Bingo-Ochiai. Mkoa wa Hiroshima kwa upande wake umeshikilia kwamba serikali kuu nayo iseme, kabla ya yote, inautakia nini mtandao wa reli wa taifa zima.

Mkoa una haki kuuliza hivyo. Reli haikujengwa na Shobara, na Shobara peke yake haiwezi kuibeba. Tunaona pia kwamba baraza litafanya insafu ikiwa litaiweka mezani gharama ya barabara pamoja na ya reli, ya kuifagilia theluji na kuitengeneza, ili vitu viwili vinavyoshindanishwa vipimwe kwa mizani moja. Na ikiwa litachagua mabasi, basi iandikwe yatapita mara ngapi, kwa miaka mingapi, na nani atakayelipa yakianza nayo kupungukiwa na abiria, kwa maana bandu bandu huweza kulikuta basi kama ilivyolikuta gari-moshi. Mwaka 2025 ziliongezwa safari za majaribio katika njia hiyo ili ionekane watu watakuja kiasi gani. Ni jambo jema, ijapokuwa miezi michache ya kuongeza ni haba ukiilinganisha na miaka 35 ya kupunguza, na baraza litakapoyasoma majibu yake halina budi kulikumbuka hilo.

Muda uliokusudiwa kwa mazungumzo ni miaka 3 hivi. Ukihesabiwa tangu ule mkutano wa Machi 2024, unafikia kikomo chake mwaka 2027, na hapo ndipo waliopewa amana hii watakapotakiwa kutia saini zao.